Muulize Fundi: usukani mgumu, Turbo ama Targa, na Porsche ya kwenda Safari

*Salaam aleikum fundi. Kakangu yuko Dubai, kaniletea boksi la Porsche 911 ya lego, lile namba 10295 la vipande 1458, mie nikadhani ni mchezo wa watoto kumbe limeandikwa 18+. Chesisi nimeshamaliza na usukani umekaa, lkn nikiuzungusha matairi ya mbele yanakwenda kwa taabu mpaka naogopa kitu kitakatika. Nibomoe nianze upya? Na pia sijaamua, niunde Turbo au Targa, manake boksi linakubali mojawapo? – Dada wa Tudor*

Waaleikum salaam dadangu. Usibomoe, tulia kwanza. Afadhali umeuliza ukiwa bado kwenye chesisi manake wengi wanakimbilia bodi, milango imekaa, vioo vimekaa, ndo mtu anakumbuka kugusa usukani, na hapo tena ni kilio.

Ninavyoona mie tatizo ni vile vipete vidogo vya kuzuia ekseli isitoke. Ukivisukuma mpaka vikaganda kwenye tofali lenye matundu basi ekseli haina pumzi, inasugua kila ukizungusha. Shika ekseli kwa vidole viwili uitikise, isipocheza hata kidogo rudisha kipete nyuma nafasi ya unene wa karatasi hivi, sio zaidi, ukizidisha ekseli itaanza kupepesuka. Fanya kimoja kimoja kuanzia kwenye tairi kurudi kwenye usukani, na kila ukilegeza kimoja zungusha, utasikia mwenyewe mkononi pale ulipokuwa umebana. Ukimaliza vipete na bado ni ngumu, chungulia gia, mara nyingine imeteleza kwenye ekseli ikaegemea tofali la pembeni. Na tafadhali usitie mafuta, si ya nazi si ya cherehani, nawajua nyie. Yatashika vumbi na wiki ijayo utaniandikia tena.

Sasa Turbo ama Targa. Hapa watu wanagombana lkn mie niko upande wa Targa na sijifichi. Ile Turbo ya kweli ilionyeshwa Paris 1974, ikaanza kuuzwa 1975 na injini ya lita 3.0 yenye nguvu za farasi 260, na sifa yake ni kwamba turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, ilikuwa inachelewa kuamka, unakanyaga hupati kitu halafu ghafla inakuja yote kwa pamoja, na kama uko kwenye kona shauri yako, manake injini ya 911 iko nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma na mkia ni mzito. Ndo ukaona wakaipanua matako na kuipa lile spoila, bawa la nyuma, kama sinia. Kwenye lego inapendeza, sikatai.

Lkn Targa ina raha yake ya mikono. Jina limetoka kwenye mbio za Targa Florio kule Sicily, na gari lenyewe lilionyeshwa Frankfurt 1965, paa la katikati linatoka na nyuma kunabaki ule upinde mpana. Kwenye boksi lako paa unalitoa hivyohivyo na unaliweka chini ya boneti ya mbele, na hapo hata mtoto atakuuliza mbona injini haipo mbele, unamfungulia nyuma anaiona, silinda sita zimelala tatu kulia tatu kushoto. Ukichoka nayo vipande vya Turbo si bado unavyo, utabadilisha.

*Fundi, gari langu jeupe la lego limeanza kuwa rangi ya maziwa ya zamani na nalipangusa kila siku. Nilioshe na jiki? – Baba wa Kizingo*

Jiki hapana! Hiyo si uchafu, ni jua. Plastiki ya lego ni aina inayoitwa ABS na miale ya jua inaigeuza manjano pole pole, nyeupe ndo inaonyesha haraka, na nyumba zetu huku jua linaingia toka asubuhi. Toa dirishani weka ukuta usiopigwa na jua. Vumbi na chumvi ya hewani pangusa kwa brashi laini ya rangi, na ukitaka kuosha vipande tumia maji yasiyozidi digrii 40 na sabuni kidogo kwa mkono. Ilivyokwisha kugeuka, kupangusa hakutairudisha.

*Mambo fundi. Nataka 911 yangu niifanye ya Safari Classic, zile mbio za magari ya zamani, iinuke juu, taa kubwa mbele, matope. Inawezekana bila kununua boksi jingine? – Kijana wa Likoni*

Poa kijana wangu, hili ndo swali nililokuwa nalingoja. Na umechagua gari lenye historia na sisi: kwenye Safari Rally ya 1974 Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer na nyuma yake akaja Björn Waldegård na Porsche 911, halafu Waldegård huyohuyo akarudi 2011 kwenye Safari Classic na 911, mwanawe Mathias akiwa ndo navigeta, wakashinda.

Sasa hesabu. Modeli ina sentimita 35 hivi na gari la kweli lina mita 4.29, kwa hiyo ni kama mara 12. Pleti moja ya lego, kile kipande bapa chembamba, ina unene wa milimita 3.2, ukiinua gari kwa pleti moja ni kama umeinua la kweli karibu sentimita 4. Weka mbili tu, ukiweka tatu utakuwa umetengeneza matatu. Shida ni moja: ukiinua bodi kutoka kwenye ekseli za mbele, fimbo ya usukani haifiki tena kwenye gia zake. Mafundi wa mtandaoni watakwambia uunde mtambo mpya, na ukitaka kujitesa karibu, lkn mie kwa gari la kukaa juu ya kabati ningeuachanisha usukani na matairi tu na kufunga matairi yakiwa yamekunja kidogo, linapendeza hata zaidi.

Unda ya paa gumu, yaani ile ya Turbo, na spoila sinia toa weka mkia mdogo bapa. Taa nne za duara mbele juu ya bampa, tairi la spea kwenye keria. Matope ya kweli usipake, yakikauka kwenye mianya hutayatoa, tumia vipande vya kahawia chini ya milango. Na namba ya mlangoni iandike kwenye stika kwanza ndo ubandike, ukiandika na makapeni juu ya plastiki ndo ishakuwa hiyo.