Treni ya bustanini: umeme wa relini au betri?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Leicester, Uingereza, nyuma ya nyumba nina kibustani cha mita 8, dogo langu anataka treni ya nje. Nianze na saizi gani na niiendesheje?

JIBU: Marahaba. Chukua reli za upana wa milimita 45, zile kampuni ya treni za bustani LGB ya Ujerumani ilianza nazo 1968, kwa skeli ya 1:22.5 (treni halisi imepunguzwa mara 22.5) zinalingana na reli yetu ya upana wa mita moja ya Dar–Kigoma, yaani unajenga ya nyumbani kabisa! Umeme wa relini, unaofika kwenye injini kupitia reli zenyewe, mwanzoni rahisi ila kwa mvua za huko na majani kila asubuhi umechuchumaa na kitambaa unasugua reli, mi ningeweka betri ndani ya behewa na rimoti tu. Kona usizibane, sentimita 60 toka katikati ya duara ndo mwisho, injini ndefu zitakushinda hapo.