Alisoma kwa nani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikaona bora nikuandikie. Unasema huko Dodoma mwenzako wa ofisini ametoa mshahara wa mwezi mzima kununua maji na mafuta ya upako, na sheikh mliyemwendea kwa habari ya nikaha akawatajia bei kama anayeuza kiwanja. Ndipo ukauliza, "Baba, kama Mungu anamsikia kila mtu, hawa mawakala wa nini?" Ukaongeza kwamba wewe na Juma mnafikiria kufunga ndoa bomani, na kwamba viongozi wa dini siku zote wamekuwa upande wa wenye nguvu.

La kwetu sisi Waislamu ni jepesi. Sheikh hana ufunguo wa pepo. Sala ya jamaa huongozwa na yeyote anayejua kusoma na kujua hukumu zake. Hata kwenye nikaha yako, mwenye kukuoza ni mimi, walii wako. Sheikh akikaa pale akashikana mkono na Juma, ni kwa sababu nimempa uwakala. Kwa hiyo kama ni wakala, ni wakala wangu mimi. Kwa Wakatoliki mambo ni mengine: padri huwekewa mikono na askofu, na bila yeye hakuna misa wala kitubio. Hayo nawaachia wenyewe.

Basi kazi yao nini? Wewe ulikuwa safarini alipofariki yule mzee wa nyumba ya pili. Ilikuwa usiku wa manane. Wanawe watatu, wasomi wote, wamesimama uani, kila mmoja anamtazama mwenzake. Akaja mwalimu wa madrasa na tochi yake. Akauliza maji yako wapi, akakata sanda vipande vitatu, akawaonyesha vijana namna ya kumgeuza baba yao wakati wa kumwosha bila kumvua stara, akawaambia karafuu maiti wapake wapi: paji la uso, pua, viganja, magoti, miguu, viungo vya kusujudia. Asubuhi aliingia kaburini mwenyewe kutazama kama mwanandani, ule uwazi wa ndani anamolazwa maiti, umeelekea kibla sawasawa. Akasoma talkini, yale maneno ya kumkumbusha maiti, akakung'uta kanzu, akaenda kusomesha watoto wake juzuu. Najua, utaniambia yote hayo yamo kwenye simu. Simu zilikuwamo mifukoni mwa wale vijana usiku ule, na hakuna aliyeitoa.

Sasa hiyo "siku zote" yako. Umezaliwa Bagamoyo, mama, hukupaswa kuandika hivyo. Sheikh Ramiya, ambaye jina lake hasa ni Yahya bin Abdallah, aliletwa hapa mtoto kutoka Manyema, Kongo ya leo, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu mkubwa wa mji. Akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, na huku anasoma. Mwanzoni mwa karne ya 20 akawa ndiye khalifa, yaani kiongozi, wa Kadiria, twarika ya Kisufi, hapa mjini, na watu waliojiita waungwana wakawa wanafunzi wake. Mwaka 1916, Waingereza walipouchukua mji kwa Wajerumani, wakamfanya liwali, mkuu wa mji chini ya serikali yao. Alifariki mwaka 1931. Hebu nitajie mlango mwingine, katika pwani ya zama zile, ambao mtoto wa Manyema angeingilia kwa kusoma mpaka akafika hapo. Ng'ambo ya pili, Unguja, Waanglikana nao walimpa daraja ya upadri Cecil Majaliwa, Myao aliyetoka utumwani. Ilikuwa mwaka 1890.

Lakini sitaki kukupambia mambo. Mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa kwetu mwaka 1868 na kuanza kununua watumwa, hasa watoto, ili kuwakomboa. Watalii husimuliwa mpaka hapo, kisha wanapelekwa kuona mahali mwili wa Livingstone ulipolazwa mwaka 1874. Wasichosimuliwa sana ni kwamba wakombolewa wale waliwekwa kwenye mashamba ya misheni, wakalima kwa ratiba ya mapadri, wakaoana kwa mpango wa mapadri, na wapo waliotoroka. Mimi siwaiti mapadri wale wabaya, maana sokoni wale watoto wangepata makubwa zaidi. Ila mtu akikombolewa kisha akamtoroka mkombozi wake, inabidi naye asikilizwe.

Ukitaka kuona kazi moja ikizaa watu wawili tofauti kabisa, tazama majirani zetu. Uganda, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji. Siku chache baadaye, tarehe 16, akauawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Rwanda, Aprili 1994, watu zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisa la Nyange. Padri wao, Athanase Seromba, alikuwapo lilipobomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Mahakama ya kimataifa ya mauaji yale ilikaa hapa hapa kwetu Arusha, ikampa kifungo cha miaka 15, na kwenye rufaa mwaka 2008 kikawa cha maisha. Katika nchi hiyo hiyo, miezi ile ile, mapadri wengine waliuawa pamoja na watu waliojificha kwao.

Hapo ndipo nakwama kidogo, nikwambie kweli. Zamani mji huu ulikuwa na kipimo chake. Akija sheikh mgeni, wazee wanauliza, "Alisoma kwa nani?" Akimtaja mwalimu wake, wanauliza mwalimu wa mwalimu wake, na ijaza, yaani idhini ya kufundisha, anayo ya nani. Padri naye ana miaka yake ya seminari na askofu wa kumwita akaeleza. Yule muuza mafuta wa huko kwenu alisoma kwa nani? Atakwambia ameoteshwa. Akikosea nani atamwita? Hakuna, kwa kuwa kanisa ni lake, akaunti ni yake, na waumini wamefundishwa kuwa kumuuliza ni dhambi. Kwa huyo kipimo kinatosha. Kwa Seromba hakitoshi. Alisoma, alikuwa na askofu, na bado. Kwa hiyo swali la wazee mimi nalitumia mlangoni tu, kumchuja anayeingia. Akishaingia namwangalia anawatendea nini watu wasio na cha kumpa.

Kuhusu pesa usiwe mkali mno. Walimu wengi wa madrasa hawana mshahara, wanaishi kwa ada ndogo za watoto na bahasha za khitma, visomo vya kuwaombea marehemu, na wengine wana genge au bodaboda. Bahasha ile ni chakula cha nyumba yake, na mimi naitoa bila kinyongo. Anayetaja bei kabla hajauliza hata jina la bi harusi, huyo mpe salamu uondoke.

Ndoa ya bomani ni halali kwa serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaijua, na mtatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla. Sheria hiyo hiyo inamruhusu sheikh mwenye leseni kufungisha, na cheti kinapatikana vile vile. Mkiamua bomani sitagomba. Mama yako nitamwambia mimi, ingawa mjiandae, atalia wiki nzima na kunisusa mimi badala yenu. Mkiamua nyumbani, nijulisheni mapema nimwambie yule mwalimu wetu wa madrasa. Atakuja kushuhudia na kusoma dua, na wa leseni tutamtafuta kwa ajili ya cheti. Khutba nitasoma mwenyewe, na mkono wa Juma nitaushika mwenyewe. Mwambie ajifunze kujibu "nimekubali" kwa sauti, maana juzi kwenye simu alikuwa ananong'ona.

Ni mimi baba yako,
Bagamoyo