Kwa Wanaoanza Kutetea Mahitaji ya Wadi Yao Mbele ya Serikali ya Kaunti

Wakazi wengi wanaojiunga na vikundi vya utetezi katika kaunti zetu hapa Kenya huamini kwamba kazi yenyewe ni siku ile ya kikao cha ushiriki wa umma, ukumbi unapojaa na kila mtu kungojea zamu yake ya kushika kipaza sauti. Nimefanya kazi na vikundi vya aina hii kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza ninalomwambia kila mgeni ni kwamba asiwaahidi majirani zake chochote kabla hajaijua kalenda ya bajeti.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe katika bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maofisa huuita ADP, kufikia tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza. Kufikia tarehe 28 Februari hufuata waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiasi ambacho kila idara haitaruhusiwa kukipita. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, nayo huidhinishwa kabla ya mwezi wa Juni kwisha. Kwa hiyo mkazi anayejitokeza mwezi wa Mei kudai barabara mpya anakuta mafungu yamekwisha kugawanywa, na ili ombi lake liingie ni lazima la mwingine litoke, na huyo mwingine huenda ameketi kiti cha pili kutoka kwake. Vikundi ninavyoviona vikifanikiwa ni vile vinavyoandika barua mwezi wa Julai na Agosti, wakati ambapo hakuna umati wala mwandishi wa habari, na ofisa wa mipango bado anajaza orodha yake.

Kabla ya kuandika barua hiyo, hakikisheni kwamba mnabisha mlango unaostahili. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limegawa majukumu: zahanati na vituo vya afya, barabara za kaunti, masoko, huduma za mifugo na elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, ilhali shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Nimeona mwakilishi wadi akishambuliwa jioni nzima kwa sababu ya darasa la shule ya msingi ambalo bunge lake halina mamlaka ya kulijenga. Aliahidi kulifuatilia, watu wakapiga makofi, na kila mtu akaenda zake.

Sasa ombi lenyewe. Ombi la kwamba "tunataka huduma bora za afya" halina mahali pa kuingia katika kitabu cha bajeti, kwa kuwa kitabu hicho kina idara, programu, mradi na kiasi cha fedha. Linganisheni na sentensi kama hii: "Tunaomba chumba cha kujifungulia cha zahanati yetu kiwekewe umeme wa jua, na zahanati iongezewe muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, katika mwaka ujao wa fedha." Hapo kuna maombi mawili, na ni vyema mjue kwamba yanaelekea kwenye mafungu mawili tofauti. Vifaa vya umeme vitatoka katika matumizi ya maendeleo, ambayo sheria inataka yasipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti katika kipindi cha miaka kadhaa, ilhali mshahara wa muuguzi utatoka katika matumizi ya kawaida. Wakazi hupenda kuomba majengo kwa sababu jengo huonekana, na wanasiasa hupenda kuyatoa kwa sababu iyo hiyo. Ndivyo zahanati inavyoweza kupakwa rangi, ikazinduliwa kwa mbwembwe, kisha ikabaki imefungwa kwa kuwa hakuna aliyeulizia mfanyakazi. Ushauri wangu ni kwamba kila mnapoomba jengo, sentensi inayofuata itaje watu watakaolihudumia.

Andikeni ukurasa mmoja, au miwili ikizidi sana. Pelekeni nakala kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi na kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala mnayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo utawafaa kuliko hotuba nzuri, kwa maana ofisa anayedai kwamba wakazi wa eneo fulani hawakutoa maoni hataweza kuukana. Katika kikao chenyewe, chagueni msemaji mmoja na wengine wamuunge mkono kwa ufupi. Tazameni pia karatasi ya mahudhurio, ile ya jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi: someni kichwa chake kabla ya kutia sahihi, kwa sababu karatasi hiyo hiyo ndiyo huambatanishwa baadaye kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa. Ikiwa kichwa ni kitupu, ombeni kijazwe mbele yenu.

Kuhusu habari, wengi hawajui nguvu waliyo nayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu wake. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, halitozwi ada, ingawa gharama ya kutoa nakala inaweza kudaiwa, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kuliandika. Mkinyimwa habari, mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo watu wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Ombeni kitu mahususi, kwa mfano mkataba wa mradi fulani au orodha ya kazi na bei aliyokabidhiwa mkandarasi. Atakayeomba "hati zote za maendeleo" atakuwa amempa ofisa sababu ya kuchelewa.

Njia nyingine zipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mtu kuwasilisha ombi rasmi bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Maandamano ya amani yanalindwa na Kifungu cha 37, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka kituo cha polisi kipewe notisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya siku yenyewe. Hiyo ni notisi, si maombi ya kibali. Binafsi huona maandamano yanafaa pale tu barua zilizopigwa muhuri zimekwisha kupuuzwa, kwa kuwa hapo mnakuwa na cha kuonyesha. Uchaguzi unapokaribia, jihadharini na mgombea anayejitolea kulipia fulana na nauli. Kikundi kikishavaa rangi zake, yeyote atakayemshinda atakiona kuwa ni mabaki ya mpinzani.

Bajeti ikishapitishwa, wengi hulala. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha jinsi kila kaunti inavyotumia fedha, na kikundi kinapaswa kuwa na mtu wa kuzisoma. Zaidi ya hapo ipo bajeti ya ziada, inayoletwa bungeni mwaka ukiwa umeshaanza, na ambayo inaweza kuufuta mradi mlioupigania tangu Agosti pasipo mtu yeyote wadini kusikia. Mwombeni karani awajulishe inapowasilishwa, na mtu wenu aipitie mstari kwa mstari akitafuta jina la wadi.