Muulize Shangazi: Nimeolewa Rungwe, wanawake wa kijiji wameninunia

*Shangazi, habari yako. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, nimeolewa Tanzania, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, kijiji kilicho juu kidogo ya Kiwira. Tulihamia kwa wakwe mwaka jana. Watu wa huku hawahitaji msaada wa mtu: ndizi zao, maziwa yao, maharage yao. Jirani alipofiwa nilituma rambirambi kwa simu, maana nilikuwa na kazi ya kompyuta. Tangu hapo wanawake wanaitikia salamu na kupita. Baba mkwe naye akiniona njiani anachepuka. Nimewakosea nini?*
*Mgeni, Kiwira*

Mwanangu Mgeni, tuanze na hiyo "habari yako". Kwenu inatosha, huku mtu wa umri wangu anapewa shikamoo, hata kama yuko ng'ambo ya mto anachota maji. Anza kesho asubuhi.

Sasa msiba. Mimi ni wa Masoko, huku huku Rungwe, misiba ya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, nimekulia humo. Hela yako ilipokelewa na kuandikwa daftarini, ila wewe hukuonekana. Wanawake wanafika na ndizi kichwani, na kuni, wanamenya na kupika kulisha umati, wengine wanalala huko huko. Msiba mwingine ukitokea, jifunge kitenge, nenda moja kwa moja kwenye masufuria, omba kisu. Jipake kwanza mafuta ya kula mikononi, maana utomvu wa ndizi mbichi ukikauka unakuwa mweusi na sabuni haiutoi. Watakucheka unavyomenya. Waache wacheke, hapo ndipo utakapoyajua majina yao. Kompyuta ingesubiri. Na mumeo nina ugomvi naye: kazaliwa hapo, alishindwaje kukwambia?

Baba mkwe hajakununia. Kwa Wanyakyusa mkwe wa kike na baba mkwe hukwepana, ndiyo heshima yenyewe. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe tangu 1891, na bado kuna nyumba zinazoishika desturi hii. Ukimwona kwa mbali, pisha wewe kwanza. Mipaka ya nyumba yenu atakueleza mama mkwe. Muulize mkiwa jikoni, si mbele ya watu.

Hilo la kwamba hawahitaji msaada wa mtu silikubali. Mwenye migomba bado anahitaji wa kumzika. Ila wewe ukinunua hadi mchicha sokoni Tukuyu, watakusaidia nini? Nenda kwa jirani yule yule aliyefiwa, mpe pole kwa mdomo wako, kisha omba machipukizi ya mgomba. Usitoe hela, utamuudhi. Mkungu wa kwanza ukikomaa, kwa baridi ya huko itapita zaidi ya mwaka, mpelekee chane mbili.

Halafu hukuniambia kama ulishapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji kutambulishwa. Kama bado, mumeo akupeleke wiki hii, na kibali chako cha Uhamiaji mkononi.