Trela Ndogo ya Safari: Lipia Kwanza Kisichoweza Kuongezwa Baadaye

Dada mmoja wa Bamburi ameniandikia akiomba nimsaidie kuchagua. Ameshatoa arubuni kwa karakana inayounda trela ndogo za kulala, zile zinazoweza kukokotwa na gari la kawaida la familia, na sasa amepewa orodha ndefu ya nyongeza ambayo anatakiwa kuirudisha ikiwa imetiwa alama kabla fremu haijaanza kuchomelewa. Fedha alizonazo zinatosha nusu ya orodha. Anauliza aanze na kiyoyozi au na jiko la kuvuta nje, na kama taa za rangi chini ya kitanda zina haja yoyote. Nilimjibu kwa maneno machache siku ile ile, lakini swali lake limenikaa moyoni, kwa sababu orodha kama hiyo niliwahi kuishika mimi mwenyewe, na najua wengi wenu mnaonisoma mna nia ile ile ya kulala Tsavo au Watamu na watoto wenu bila kutegemea hoteli.

Habari za akiba na mkopo nitaziruka, kwa kuwa kila nyumba ina hesabu yake. Nitaanzia siku tuliyofika karakanani, mimi na mume wangu. Kijana wa mauzo aliyetupokea alizungumza na mume wangu peke yake. Kila nilipouliza kuhusu breki au unene wa nyaya, jibu alimpa yeye, nami akanisogezea sampuli za vitambaa vya mito na rangi za makabati, kana kwamba hayo ndiyo yanayonihusu. Jambo hilo bado linaniuma, sikatai, hasa nikikumbuka kwamba mimi ndiye niliyekesha miezi kadhaa nikisoma namna trela zinavyoundwa na kulinganisha uzito na bei. Niliomba twende na orodha nyumbani tukaifikirie. Kijana akasema bei ile ya punguzo inaisha jioni. Tukaondoka nayo hivyo hivyo, na punguzo tukalikuta juma lililofuata likiwa palepale.

Usiku ule niliigawa orodha mafungu mawili kwa kalamu. Fungu la kwanza lilikuwa la vitu vinavyozikwa ndani ya mwili wa trela: fremu, ekseli (chuma kinachobeba magurudumu), breki, nyaya, tundu la paa na madirisha. Vitu hivyo ukivikosa wakati wa kuundwa, kuviongeza baadaye ni kubomoa. Fungu la pili lilikuwa la vitu ambavyo maduka huviuza kila siku: godoro, mapazia, meza ya kukunja, taa, jiko, hata betri. Kisha nikaamua kwamba hakuna shilingi itakayokwenda fungu la pili mpaka la kwanza litimie. Shemeji yangu alinicheka mbele ya watu, akisema nimenunua chuma na nyaya ambazo hakuna mgeni atakayeziona. Leo yeye ndiye anayeniuliza namba ya fundi, na nimempa.

Kwetu Mombasa jambo la kwanza ni hewa. Katika miezi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 24, huku unyevu ukiwa mwingi. Chumba cha trela ndogo ni kifupi na chembamba, na watu wawili wakilala humo milango ikiwa imefungwa, kuta hutoa jasho kabla ya usiku wa manane. Kwa hiyo alama yangu ya kwanza niliitia kwenye feni ya paa ya volti 12, inayoweza kuvuta hewa ndani na kuitoa nje, pamoja na madirisha mawili yanayokabiliana yenye wavu wa mbu. Tundu la kawaida la feni hiyo ni mraba wa inchi 14, na kiunzi cha paa lazima kipangwe kulizunguka tangu mwanzo. Ukija kulikata baadaye unakata kiunzi chenyewe, na mvua za masika zitakuonyesha ulipokata.

Nakiri kwamba nilikitamani kiyoyozi kuliko kitu chochote katika orodha ile. Kilichonizuia ni hesabu. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba takribani wati-saa 1,280. Kiyoyozi kidogo cha paa kinachokula wati 1,000 kitaimaliza kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu, na baada ya hapo utalala gizani na friji ikiwa imezimika. Kiyoyozi kinamfaa mtu anayelala mahali penye umeme wa kuchomeka au anayekubali kelele za jenereta. Sisi tunalala kambi za porini na fukwe zisizo na soketi. Feni ikiwa katika mwendo wa wastani hula sehemu ndogo sana ya umeme huo na huweza kuzunguka mpaka alfajiri. Safari yetu ya Watamu, wakati upepo wa kaskazi ulipolegea na mahema ya majirani yote yakawa wazi kwa joto, watoto wangu walilala chini ya shuka. Majirani walikuja asubuhi kuuliza tumeweka mashine gani, na mume wangu akanionyesha mimi niwaeleze.

Jambo la pili ni chumvi, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu vitabu vya trela vinavyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hutilia mkazo hita na kuta nene, na trela hizo zikiletwa pwani huliwa na kutu zikiwa bado zinang'aa rangi. Ikiwa orodha yako ina chaguo la fremu kuchovywa katika zinki ya moto, litie alama hata kama itabidi uache vitu vitatu vingine. Kazi hiyo hufanywa baada ya kuchomelea na kabla ya kitu kingine chochote kufungwa, maana yake nafasi ni moja tu. Umkataze fundi kutoboa au kuchomelea tena baada ya zinki kupoa, na pale asipokuwa na budi, apake rangi yenye zinki juu ya jeraha.

Uliza pia kuhusu skrubu. Karakana nyingi hufunga mabati ya alumini kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu na kujisifu kwamba kazi ni imara. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe ukitokeza kuzunguka kila kichwa cha skrubu. Dawa ni kuzitenganisha kwa washa za mpira au gundi ya kuziba kila zinapokutana. Na kwa bawaba na komeo za nje, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 huhimili chumvi kuliko kile cha 304 kinachotumika zaidi. Tofauti ya bei kwa trela nzima ni ndogo, kwa sababu vipande vyenyewe ni vichache.

Sasa ekseli na breki. Tuseme trela tupu ina kilo 600 na ekseli yake inaruhusiwa kubeba 750. Umebakiwa na kilo 150. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 70 likijaa limekula karibu nusu ya kilo hizo kabla hujapakia chakula, mtungi wa gesi, nguo, zana na baiskeli za watoto. Kila nyongeza unayoitia alama kwenye orodha inapunguza kilo hizo hizo. Ndiyo sababu ekseli yenye uwezo mkubwa zaidi ni nyongeza ya kwanza kwa umuhimu wa usalama, ingawa muuzaji hataitaja mpaka uiulize. Mimi nilichagua springi za majani, yaani mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, badala ya mfumo wa mpira ulio ndani ya bomba la ekseli. Ule wa mpira ni mtulivu zaidi barabarani, lakini ukiharibika hubadilishwa wote, ilhali jani la springi lililovunjika fundi wa Voi au wa Mariakani atalipata na kulifunga siku hiyo hiyo.

Breki za umeme ndizo zilizomfanya shemeji yangu acheke zaidi. Alisema trela ndogo husimamishwa na gari. Gari peke yake kweli huisimamisha kwenye tambarare ya Mtwapa. Lakini tulipanda Wundanyi, na mwenye kuijua ile barabara ya kutoka Mwatate anajua kona zake zinavyofuatana na namna kuteremka kunavyozichosha breki. Tulipokuwa tukirudi, na trela ikiwa imejaa, mume wangu alishikilia gia ndogo, na kila alipogusa pedali trela ilijishika yenyewe bila kutusukuma. Nilikaa kando yake nikiwa na fahari ambayo siioni sababu ya kuificha. Kumbuka kwamba ekseli isiyo na mahali pa kufungia breki haiwezi kupewa breki kirahisi baadaye, hivyo hata kama fedha za breki hazipo leo, agiza ekseli iliyo tayari kuzipokea.

Magurudumu nitayapitia haraka. Agiza rimu zenye mpangilio wa matundu sawa na wa gari lako ili tairi ya akiba iwe moja kwa vyote viwili. Prado na Hilux zina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na fundi yeyote wa trela anaujua mpangilio huo. Hakikisha tu kwamba tundu la katikati nalo linaingia.

Katika umeme, watu huanza na betri na inverta kubwa, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, na mimi nasema anza na waya. Kifaa cha wati 240 kikichomekwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240 huvuta ampea 1. Kifaa hicho hicho kwenye volti 12 huvuta ampea 20, na waya mwembamba utapata moto na kuunyima umeme upande wa pili. Lipia waya mnene kutoka kwenye betri hadi kwenye friji na feni, fyuzi kwa kila njia, na waya mmoja wa akiba unaofika paani ukisubiri sola. Betri na paneli utanunua mshahara ukiruhusu. Paneli ikifika, ifungwe juu ya vibao vinavyoacha nafasi ya hewa chini yake, kwa sababu wati zilizoandikwa hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25, na juani kwetu paneli iliyobandikwa bapa kwenye bati hupata joto kupita hapo kwa mbali na kutoa pungufu. Friji iwe ya kompresa. Ile inayoweza kutumia gesi au umeme hutaka trela isimame sawasawa, na katika joto la pwani hupoza kwa shida.

Jiko la kuvuta nje alilouliza dada yangu wa Bamburi ni zuri kwa macho, lakini nyumba nyingi hapa zina mtungi wa kilo 6 wenye meko juu yake, na mtungi huo ukiwekwa juu ya meza nje hupika pilau ileile. Kinachostahili kulipiwa ni sanduku la nje la kubebea mtungi lenye matundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Taa za rangi asizinunue. Vitambaa atavipata Mtaa wa Biashara kwa hiari yake, avishone kwa fundi wa jirani.

Upande wa mlango nao huchaguliwa. Sisi huendesha kushoto, kwa hiyo mlango na upenu wa turubai vikae kushoto, mbali na magari yanayopita. Trela iliyoundwa kwa mtindo wa Marekani ina mlango kulia, na mtoto akishuka haraka kandokando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi anashukia penye malori.

Dada zangu na kaka zangu, msikubali kuaibishwa na mtu kwa sababu mnauliza habari za chuma. Fedha ni zenu, watoto watakaolala humo ni wenu, na muuzaji anayeona uchovu kujibu swali la ekseli hatakuwa nanyi Mtito Andei usiku. Msinunue kwa ajili ya picha. Nimeona trela zenye spika nne na hazina breki hata moja, na wenyewe wakizizungushia wageni kwa furaha, nikanyamaza kwa adabu tu. Leo sinyamazi.

Kabla hujalipa sehemu ya mwisho, taka uzito wa trela tupu uandikwe kwenye ankara, kisha uipeleke mwenyewe kwenye mizani ya magari ikiwa na nyongeza zote ulizolipia. Uzito unaokaa kwenye mkono wa kukokotea uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote, yaani kilo 60 hadi 90 kwa trela ya kilo 600, na huo waweza kuupima kwa mizani ya watu ya nyumbani iliyo imara, trela ikiwa imesimama sawa. Ukikuta kilo 30 tu, mwambie fundi asogeze tangi au sanduku la betri mbele kabla hujaitoa karakanani, kwa kuwa trela iliyo nyepesi mbele huyumba nyuma ya gari mara mwendo unapoongezeka.