Uliza Mjomba: Droni, arusi na kunguru

SWALI: Shikamoo Mjomba. Napiga picha za arusi hapa Kisauni, na sasa nimepata hoteli ya Shanzu inayotaka picha za angani kila mwezi. Meneja asema hanipi kazi mpaka nilete cheti cha biashara ya droni. Leseni ya urubani ninayo, na droni imesajiliwa. Cheti gani tena?
Mpiga picha, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo meneja yuko sawa, tena mshukuru. Leseni ni yako wewe, usajili ni wa chombo. Unachodaiwa ni cheti cha biashara yenyewe, na kule KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hukiita ROC. Kanuni za 2020 zamtaka anayerusha droni kwa malipo awe nacho, hata kama droni yenyewe yaingia mkobani. Basi sajili biashara kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, shika PIN ya kodi ya KRA, ukate na bima ya kufidia wengine, maana siku droni itakapovunja kioo cha tuktuk pale Mwembe Tayari hutasikilizwa maneno.

Hayo ni mepesi. Watu hukwama kwenye mwongozo wa uendeshaji, yaani kitabu cha kueleza utarusha vipi, na mimi nilikwama hapo hapo. Nilinunua wangu kwa jamaa mmoja, umechapwa vizuri, una na jalada, nikabadilisha jina la kampuni tu. Mkaguzi wa KCAA akaufungua katikati, akaniuliza: "Mzee, theluji hii yaanguka wapi Mombasa?" Kumbe ulinakiliwa ng'ambo! Nilitamani sakafu inimeze.

Nikarudi nyumbani, nikaandika ninayoyaona kwa macho yangu. Upepo wa kusi unavyovuma mwezi wa saba, na droni ndogo iliyokwenda baharini ikamaliza betri kwa kupigana nao. Chumvi inavyokula mota, ndiyo maana kila jioni naipangusa kwa kitambaa kikavu. Kunguru wetu wanavyokifukuza chombo kikipita karibu na viota. Nani asimame ufukweni kuwazuia watoto wasikimbilie chini yake. Betri zachajiwa wapi na nani. Ukurasa wa kunguru mkaguzi aliusoma mara mbili. Ukishapita karatasi watataka uwarushie waone, na hapo hutaulizwa ila yale uliyoyaandika. Uliyeandika mwenyewe utajibu bila kubabaika.

Sasa mahali. Chukua ramani, weka ncha ya bikari juu ya uwanja wa ndege wa Moi, uchore duara la kilomita 10. Kisiwa cha Mombasa kizima, toa vipande vya ukingoni tu, kimo ndani. Fort Jesus iko pale pale kwenye mstari. Humo hurushi bila ruhusa ya pekee. Shanzu yako iko nje, bahati yako. Lakini ukialikwa arusi ya Majengo au Makupa usimwahidi mtu picha za angani kabla ya kuomba. Na huko Mtongwe kwenye kambi ya wanamaji, hata kuielekeza kamera usithubutu. Kwingine, usipande zaidi ya futi 400, droni isitoke machoni pako, na ukae mita 50 mbali na watu wasiohusika na kazi yako.

Nikuongeze moja ambalo hukuliuliza. Kwenye kupamba, ile sherehe ya arusi ya wanawake peke yao, huwa wamevua mabuibui uani, wakiamini ukuta. Ukuta haumzuii mtu aliye juu. Sheria ya kulinda data ya 2019 ipo, ila mimi nakwambia kama mjomba wako: picha moja ya ua ikivuja, hakuna nyumba itakayokuita tena kuanzia Kisauni mpaka Likoni. Andika kwenye mwongozo kwamba hurushi juu ya ua wa watu, na mama mwenye arusi umwoneshe huo ukurasa.

SWALI: Mjomba, shemeji yangu anarudi kutoka Dubai wiki ijayo na droni ya zawadi. Kibali nikiombe akishafika?
Bi arusi wa zamani, Tudor

JIBU: La, mwanangu. Kibali cha kuingiza huombwa chombo kikiwa bado huko. Mpigie leo, mwambie aiache kabatini, alete manukato.