Jumapili kwenye nyumba ya watu

Mdogo wangu,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia, yote dakika sita, kwamba nawe sasa unataka kuja huku. Eti mama mdogo anawaambia watu hapo Kisauni kwamba huku Freiburg nalala bure, nala bure, nalipwa juu yake, na Jumapili Wajerumani wananitembeza Ufaransa. Ufaransa nimekwenda mara moja, Strasbourg. Nilibanwa nyuma baina ya viti viwili vya watoto, na mdogo akanitapikia kabla hatujavuka mto Rhine.

Hesabu niimalize upesi, maana hiyo hainiumi sana. Au pair, yaani kijana mgeni kama mimi anayeishi na familia akiwalelea watoto, huku hupewa euro 280 kwa mwezi, kama elfu 42 za kwetu. Wenyewe wanaziita pesa za mfukoni, si mshahara. Bima wanalipa wao, na euro 70 za kuchangia darasa la Kijerumani. Chakula na kitanda bure, hapo hamkudanganywa. Nikituma mia nyumbani, nikatoa nauli na ya simu, mwezi umeshakwisha kabla ya tarehe 20. Yale mabati ya jiko lenu, mwambie mama mdogo asubiri amekaa.

Kinachoniuma ni kwamba sina pa kurudi jioni. Mtu akitoka kazini huenda kwake. Mimi nikimaliza nashuka ngazi hadi chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia, na bado niko kazini. Mkataba unasema saa 30 kwa wiki, na siku moja na nusu ya kupumzika. Wanaufuata, sitawasingizia. Ni watu wema hata. Siku yangu ya kuzaliwa walinipikia wali, ukatoka uji, nikaumaliza wote na kushukuru.

Lakini Jumapili asubuhi namsikia mdogo analia huko juu, kisha vijiguu vinashuka ngazi, vinasimama mlangoni kwangu. Hagongi, kakatazwa. Nakiona kivuli chake chini ya mlango. Nami nimejikunyata kitandani kama mwizi, mkojo umenibana, na chooni siwezi kwenda. Nikifungua tu, kazi imeanza.

Na wale dagaa mlionifungia? Niliwakaanga Januari, mara moja. Madirisha yote yakafunguliwa, nje nyuzi 4 chini ya sifuri, na hakuna aliyesema neno. Afadhali wangesema. Siku hizi usiku nala mkate na jibini kama wao.

Kwa hiyo usije. Nakwambia kama dadako, tafuta kitu hapo hapo Mombasa. Ila una miaka 25, na ukishatimiza 27 visa hii huipati tena, basi kama ni kuja, mtihani wa A1, ule wa Kijerumani cha mwanzo, ufanye mwaka huu huu. Ongea na familia kwa video, si mara moja. Uliza kama chumba kina ufunguo. Uliza mtoto akiumwa usiku anaamka nani. Saa zikizidi sema siku ile ile, usione haya, familia inaweza kubadilishwa. Wala usiwe wa kusema kila kitu, utaonekana mkorofi na nyumba ni yao. Na Kijerumani kisome hata ukisinzia wima, kwa sababu mwaka ukiisha na kibali kimeisha, na bila lugha hakuna chuo cha uuguzi kitakachokupokea.

Unamkumbuka yule dada wa Kaloleni aliyetulea hapo kwenu? Alilala chumbani kwetu, mkekani, nasi tukimvuta shuka alfajiri ya Jumapili atukaangie mahamri. Mlango hakuwa nao kabisa. Muulize mama mdogo kama namba yake bado anayo, unitumie. Usimwambie ni ya nini, ataanza kuniuliza habari ya mabati.